Mcheza Ugenini Naye Atunzwe

Sanduku lenyewe ni la mbao, limepakwa rangi ya kijani, na lina vishikio viwili vya chuma kwa sababu lilitengenezwa libebwe na watu wawili. Ndani mna santuri za inchi saba na za inchi kumi, kaseti zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, na sahani chache nzito zisizo na lebo yoyote. Lilikuwa la baba yake wifi yangu, Mjamaika aliyekuja Uingereza ujanani, akafanya kazi reli siku za wiki na Jumamosi usiku akabeba spika za saundi sistimu (mitambo ya spika kubwa ya kupigia santuri kwenye sherehe) moja ndogo ya kusini mwa London. Alipofariki, mjane wake, ambaye sote tunamwita Mama, alinikabidhi mimi. Kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye mikanda na santuri kuukuu kwenda kwenye kompyuta, na yeye analijua hilo. Alinipa sharti moja: nisizifungie.

Nilipozipanga mezani nyumbani kwangu Leicester, kilichonikamata ni anwani zilizo kwenye lebo. Nilitarajia kusoma Kingston na Port of Spain. Nyingi zilisema London. Watu hawa walihama visiwa, wakarekodi kwenye vyumba vya chini na studio za kukodi katika mitaa ya Uingereza, lakini Waingereza waliuweka muziki wao kwenye rafu ya mambo ya visiwani, na kule visiwani ukaonekana ni mambo ya Uingereza. Ukakosa kwao. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza ugenini, na nimeona jinsi jasho lao lilivyoachwa likauke. Kwa hiyo, kabla sijaanza kazi, nilichukua likizo nikafuata anwani zile.

Ijumaa, Tilbury

Treni ya kutoka Fenchurch Street inafuata mto Thames, inapita maghala na viwanda, kisha ardhi inakuwa tambarare na upepo unaanza kunuka tope la mtoni. Hapa ndipo meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Juni 21, 1948, na abiria wakashuka kesho yake. Walikuwa zaidi ya elfu moja, wengi wao kutoka Karibea.

Kila mtu anaijua ile filamu ya habari ya Pathé: kijana mrefu wa Trinidad, Lord Kitchener, jina lake la nyumbani Aldwyn Roberts, anaombwa aimbe, naye anaimba kalipso, wimbo wa masimulizi wa Trinidad, ya kuisifu London aliyoitunga melini, kabla hajaiona London yenyewe. Kipande hicho huonyeshwa kila mwaka. Sina ugomvi nacho, kinapendeza. Lakini nilisimama kwenye daraja la gati, ambako msanii Everton Wright amebandika kwenye vioo picha na hati za wasafiri na jamaa zao, nikawa nawafikiria wanamuziki wengine waliokuwa kwenye meli hiyo hiyo.

Alikuwemo Lord Beginner, mkongwe kuliko Kitchener. Alikuwemo Mona Baptiste, binti wa Trinidad mwenye sauti ya bluzi, ambaye baadaye alivuka kwenda Ujerumani, akaimba kwa Kijerumani hadi akawa nyota wa redio na sinema kule, akafariki mwaka 1993. Muulize Mwingereza wa kawaida leo, hamjui. Alikuwemo pia Harold Phillips, Lord Woodbine, aliyekwenda Liverpool, akapiga kalipso na pani za chuma (ala za mapipa), akaendesha vilabu. Vijana waliokuja kuitwa the Beatles walikuwa wakimfuatafuata, na mwaka 1960 alikuwa ndani ya gari lililowapeleka Hamburg kwa mara ya kwanza, pamoja na Allan Williams aliyekuwa akiwatafutia kazi. Hadithi ya vijana wale imeandikwa kwa maelfu ya kurasa. Ya Woodbine hupewa mistari michache, naye ndiye aliyekuwa mtu mzima mwenye ujuzi kati yao.

Nilipiga picha majina niliyoyaweza kuyasoma kwenye vioo. Kisha mvua ikaja, nikarudi stesheni.

Jumamosi, Portobello Road

Santuri kongwe kuliko zote sandukuni ni ya inchi kumi, ya mizunguko 78 kwa dakika, lebo yake Melodisc. Ni ya shelaki, na shelaki ikianguka huvunjika kama chungu. Haioshwi kwa spiriti, maana spiriti huiyeyusha. Inataka maji safi yaliyochujwa na brashi laini, na sindano pana kuliko ile ya santuri za plastiki, la sivyo sindano inasugua uchafu wa chini ya mfereji badala ya kusoma kuta zake.

Melodisc ilianzishwa London mwaka 1949 na Emil Shalit. Januari 1950 mtayarishaji wa muziki Denis Preston aliwaingiza Kitchener na Beginner studio za Abbey Road, miaka mingi kabla ya wale vijana wa Liverpool kukanyaga pale. Juni 29 mwaka huo huo, timu ya kriketi ya West Indies ikaifunga Uingereza katika uwanja wa Lord's, ushindi wao wa kwanza wa mechi kuu katika ardhi ya Waingereza. Kitchener akaingia uwanjani na gitaa lake akiongoza watu, wakazunguka wakiimba. Beginner akatunga kalipso ya mechi hiyo, ikarekodiwa Melodisc na kuuzwa watu wakiwa bado wanaizungumzia. Ndivyo kalipso ilivyofanya kazi: gazeti la wasio na gazeti. Kodi ya nyumba, baridi, mwenye nyumba asiyetaka wapangaji weusi, kutawazwa kwa malkia, uhuru wa Ghana, vyote vilipata wimbo.

Wa kuwatafuta zaidi ni waliokaa nyuma ya mwimbaji. Rupert Nurse, Mtrinidad, ndiye aliyekuwa akipanga muziki kwa ajili ya rekodi nyingi za Melodisc: nani aingie wapi, tarumbeta ijibu vipi, besi itembee namna gani. Fitzroy Coleman alikuwa na gitaa ambalo ukilisikia mara moja unalitambua tena. Cyril Blake aliongoza bendi iliyowasindikiza waimbaji hao katika rekodi za mwanzo, akafariki 1951, mambo ndiyo kwanza yanaanza. Lebo ya santuri inamtaja mwimbaji kwa herufi kubwa, na hao wengine ukibahatika unapata jina la bendi.

Nilikwenda Honest Jon's, namba 278 Portobello Road, duka lililoanza mwaka 1974. Kuanzia 2002 lebo ya duka hilo ilitoa upya kalipso hizi katika mfululizo wa *London Is the Place for Me*, pamoja na vitabu vidogo vyenye picha na historia za wapigaji. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya heshima, na heshima yenyewe iko kwenye vile vitabu. Kutoa wimbo upya bila kueleza nani alipiga nini ni kumtoa mtu kaburini halafu kumzika tena bila jina.

Nikashuka na mtaa hadi karibu na Tavistock Square, kwenye kibao cha Russell Henderson. Alitoka Trinidad mwaka 1951 kuja kusomea ufundi wa kulinganisha sauti za piano. Mwaka huo huo kundi la pani za chuma la TASPO lilipiga South Bank kwenye maonyesho ya Festival of Britain. Waingereza walicheka walipoona mapipa yenye kutu, kicheko kikaisha ngoma ilipoanza. Mmoja wa wapigaji wale, Sterling Betancourt, hakurudi nyumbani. Yeye na Henderson waliunda bendi, na mwaka 1966, kwenye sherehe ya watoto iliyoandaliwa na Rhaune Laslett hapa Notting Hill, walijifunga pani shingoni na kuanza kutembea. Watu wakafuata. Kanivali ya barabarani ya Notting Hill ilizaliwa katika matembezi hayo. Ile ya ndani ya ukumbi ilikuwa imeanzishwa na Claudia Jones mwaka 1959, St Pancras. Henderson aliishi hadi 2015, akafika miaka 91, na kwa miaka mingi alipiga jazi Jumapili mchana kwenye baa ya Coleherne, Earls Court, bila makuu.

Nilisimama pale kwa muda mrefu. Wapita njia walikuwa wengi, na nilifurahi kumwona baba mmoja akimsomea mwanawe kibao chote, herufi kwa herufi.

Jumapili, Southampton

Leo sikufuata lebo ya sandukuni. Nimemfuata mtu ninayempenda.

Joe Harriott alizaliwa Kingston mwaka 1928, akalelewa Alpha, ile shule ya watawa iliyowafunza muziki wavulana maskini na kuwatoa wapulizaji wengi wakubwa wa Jamaika. Alifika Uingereza 1951 na saksafoni yake. Mwaka 1958 alilazwa hospitali, na ni huko kitandani alikowaza muziki usiofungwa na mpangilio wa kawaida: hakuna mfuatano wa akodi (noti zinazopigwa pamoja) uliowekwa, hakuna mwendo mmoja, mpigaji ananyamaza anapoona kunyamaza kunafaa, na ukimya unakuwa sehemu ya wimbo. Novemba 1960 akaurekodi. Albamu ikaitwa *Free Form*. Tarumbeta ilipigwa na Shake Keane wa Saint Vincent, ambaye pia alikuwa mshairi. Besi na Coleridge Goode, Mjamaika aliyeishi hadi miaka 100. Piano na Pat Smythe wa Scotland. Ngoma na Mwingereza Phil Seamen. Wakati huo huo kule Marekani mpiga saksafoni Ornette Coleman alikuwa akifungua mlango kama huo, na vitabu vikampa yeye peke yake sifa. Ukizisikiliza kazi hizo mbili bega kwa bega unasikia kwamba Harriott hakuiga. Mawazo yake ni mengine: kundi zima linaumba umbo pamoja, wala si mmoja kukimbia mbele na wengine kumfuata. Albamu iliyofuata, *Abstract*, jarida la Kimarekani la Down Beat liliipa nyota tano.

Katikati ya miaka ya sitini akaungana na John Mayer, mpiga fidla mzaliwa wa Kolkata, wakakalisha wapigaji wa jazi na wapigaji wa sitari na tabla chumba kimoja. Wakosoaji walistaajabu. Mtu wa Unguja hastaajabu sana. Sisi tumekulia taarabu iliyobeba mahadhi ya Kihindi bila kuomba ruhusa kwa mtu, na sauti ya Siti binti Saad ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Kwa hiyo nilipomsikia Harriott mara ya kwanza, ujana wangu, niliona ni jirani. Mwanamuziki wa kisiwani hujua kwamba bahari inaleta mambo, na kwamba la kuletwa na bahari ni halali yako ukilifanyia kazi.

Sifa zile hazikumlisha. Miaka ya mwisho alizunguka miji midogo akipiga na bendi yoyote iliyokuwepo ukumbini. Saratani ilimuua hapa Southampton Januari 2, 1973, akiwa na miaka 44.

Kutoka stesheni kuu nilipanda basi hadi Bitterne, nikaingia makaburini. Jiwe lake limeandikwa maneno yake mwenyewe kuhusu Charlie Parker, mpiga saksafoni mashuhuri wa Marekani: kwamba hata huku wapo wenye karata za kutoa. Nimesoma maneno hayo mara nyingi kwenye karatasi, ila kuyasoma palepale alipolala ni jambo jingine. Nilimsomea Fatiha kimoyomoyo. Najua si wa dini yangu, na sidhani kama angechukia. Kisha nikaketi kwenye benchi, nikamsikiliza kwenye simu mpaka betri ikaisha.

Jumatatu, St Pancras

Siku ya makaratasi. British Library ina mojawapo ya hazina kubwa za sauti duniani, na mwaka 2024 iliandaa maonyesho ya miaka 500 ya muziki wa watu weusi wa Uingereza, ambayo niliyatembelea wakati ule na kutoka nikiwa nimejaa. Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nami nalirudia kila ninapopata msikilizaji. Kwa sheria ya Uingereza mchapishaji wa kitabu analazimika kutoa nakala kwa maktaba hii. Mtoaji wa santuri halazimiki. Hajawahi kulazimika.

Fikiria basi kijana wa Lewisham wa mwaka 1977. Amekusanya fedha za kukodi studio kwa saa chache, amefyatua santuri mia kadhaa, amezipakia kwenye buti la gari na kuzipeleka mwenyewe madukani. Nani angempelekea maktaba nakala? Na maduka yenyewe, yale ya vinyozi na wauza rege, hayakuwa kwenye orodha ya maduka ambayo mauzo yake yalihesabiwa katika chati za taifa. Wimbo uliweza kuuzwa kila wikendi kwa miezi na kwenye chati usionekane hata kivuli. Redio iliangalia chati, haikuona kitu, haikupiga. Gazeti halikusikia redio, halikuandika. Halafu leo mtafiti anakwenda kwenye chati na magazeti, anarudi akisema muziki huo haukuwa na watu.

Oktoba 2023 maktaba hii ilipata shambulio la mtandaoni, na sauti ilizokuwa imeziweka wazi kwa umma zikatoweka mtandaoni kwa muda mrefu. Mikanda yenyewe ilikuwa salama, lakini hilo lilinifundisha namna ya kulipanga sanduku la Mama: nakala moja hapa ikikubaliwa, moja kwenye hazina ya jamii yenyewe, na moja nyumbani kwa familia.

Jioni nilipumzika. Miguu ilikuwa imevimba.

Jumanne, Huddersfield

Mji wa viwanda vya sufu, kaskazini. Kaseti tatu za sandukuni zimeandikwa jina la mji huu, nikashangaa mtu wa London alifuata nini. Jibu ni saundi. Mji huu mdogo ulikuwa na saundi sistimu nyingi ajabu, zilizojengwa na watu wa Jamaika, Grenada na Carriacou waliofanya kazi viwandani. Vilabu vya wazungu viliwafungia mlango, basi wakatengeneza vyao: seremala akapiga masanduku ya spika, fundi umeme akaunga amplifaya za vali, sherehe zikafanywa sebuleni, kwenye vyumba vya chini, kwenye kumbi za kukodi. Venn Street kulikuwa na klabu ya Cleopatra's, na waimbaji wakubwa kutoka Jamaika walipita hapo.

Mandeep Samra, mwenyeji wa hapa, aliongoza mradi wa kuwahoji wenye saundi hao, kukusanya picha zao, na kujenga saundi nzima kwa namna ya zamani ili watu waisikie kwa kifua. Kitabu kilitoka 2014. Napenda kwamba hawakuishia kwenye picha ukutani. Besi ya rege haisomwi.

Nilizunguka mtaani, nikala kari ya mbuzi, nikarudi.

Jumatano, Brockley na Catford

Wifi alinipokea stesheni ya New Cross, tukatembea. Tulipita namba 439 New Cross Road, nyumba ambayo Januari 1981 moto ulizuka usiku wa sherehe ya kuzaliwa, vijana kumi na watatu wakafa. Kibao kipo. Wifi hakusema neno mpaka tukavuka barabara.

Upper Brockley Road leo ni mtaa mtulivu, wenye nyumba za bei. Miaka ya sabini, Dennis Harris alikuwa na studio hapa na lebo aliyoiita Lovers Rock, na jina hilo likawa jina la mtindo mzima wa rege ya mapenzi. Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, na mpiga gitaa John Kpiaye ndio waliokuwa wakiusuka muziki. Waimbaji walikuwa wasichana, wengi bado wakiwa na sare za shule. Louisa Mark alirekodi wimbo wake wa kwanza 1975 akiwa mwanafunzi. Kundi la Brown Sugar lilikuwa na Caron Wheeler, ambaye dunia ilikuja kumjua baadaye na kundi la Soul II Soul. Janet Kay alifika namba mbili ya chati mwaka 1979 na "Silly Games", iliyotengenezwa na Bovell, ile yenye noti ya juu ambayo kina mama wa London bado huijaribu jikoni.

Lovers rock ilizaliwa hapa, haikushuka meli yoyote. Mabinti wa wahamiaji waliimba mapenzi kwa lafudhi ya kusini mwa London juu ya besi ya Kijamaika. Wakosoaji wanaume waliiona nyepesi kwa sababu haikuzungumzia Babiloni, yaani mfumo wa wakandamizaji. Mimi naona hivi: msichana mweusi wa miaka kumi na sita, katika nchi iliyokuwa ikimwita majina barabarani, anasimama kwenye maikrofoni na kudai apendwe vizuri. Kama huo si msimamo, sijui msimamo ni nini.

Mama anaishi Catford. Alikuwa amepika wali na kunde, akakataa mazungumzo yoyote kabla ya kula.

Sasa nieleze zile sahani nzito zisizo na lebo. Ni dabupleti: bamba la alumini lililopakwa laka, likachongwa wimbo papo hapo, nakala moja tu, ili saundi iwe na kitu ambacho mpinzani hana. Wenye saundi wengi wa London walikwenda kuzichonga Barnes, mtaa wa watu wa chai na maua, nyumbani kwa John Hassell, ambaye yeye na mkewe Felicity waliifanya kazi hiyo ndani ya nyumba yao ya kawaida. Laka hiyo ni laini. Kila sindano inapopita inakula kidogo, na baada ya michezo ya kutosha masafa ya juu yameshaliwa. Halafu uzee unaikausha, inasinyaa na alumini haisinyai, basi inapasuka na kubanduka. Wakati mwingine unatokea ungaunga mweupe kama nta juu yake. Sahani ikifika hapo una nafasi moja ya kuicheza, labda mbili.

Moja niliihamisha kabla ya safari kwa sababu ilikuwa imeanza kupasuka ukingoni. Wimbo wa mapenzi, dakika tatu na kitu, sauti ya msichana. Hakuna jina, hakuna tarehe. Niliusafisha kidogo sana. Mikwaruzo mingine niliiacha, maana ukisafisha kupita kiasi unaondoa na pumzi ya mwimbaji.

Nikauweka kwenye spika ya Mama. Alisikiliza beti ya kwanza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za wengine. Kwenye kiitikio akaweka kikombe chini.

"Huyu ni yule binti wa juu," alisema. "Wa ghorofa ya juu, nyumba ya Ladywell. Alikuwa akiimba bafuni, Mzee akampeleka kwa watu wake."

Akataja jina. Akataja na jina la mama wa binti, na kanisa walilosali, na kwamba binti huyo alisomea uuguzi akahamia Bristol. Wifi yangu, aliyezaliwa baadaye na kuishi na sanduku lile ukumbini miaka yote, alikuwa hajawahi kusikia hata neno la habari hizi. Mimi kazi hii nimeifanya muda mrefu, na nawaambia hivi: mashine yangu yote ni ya bei, lakini katika chumba kile kifaa chenye thamani kuliko vyote kilikuwa kichwa cha mwanamke yule. Vichwa kama hivyo vinazikwa kila wiki. Ndiyo maana nasema anayetaka kuuhifadhi muziki huu asianze na skana wala kompyuta. Aanze na kina mama, sasa hivi, achukue na daftari.

Jina nimeliandika kwenye kadi pamoja na sahani. Hapa siliweki mpaka mwenyewe aridhie.

Alhamisi, Brixton

Asubuhi nilikuwa Windrush Square, kwenye jengo la Black Cultural Archives, hazina iliyoanzishwa 1981 na Len Garrison na wenzake kwa sababu hawakuona sehemu nyingine iliyokuwa ikiwawekea historia yao. Nilikuwa nje, nasoma masharti ya kukabidhi vitu, Mama aliponipigia simu. Alikuwa amepata namba kupitia kanisani, na mwimbaji alikuwa kwenye laini nyingine.

Tuliongea karibu saa nzima. Ni muuguzi mstaafu. Alikuwa na miaka kumi na sita siku ile, hakulipwa kitu ila nauli ya basi, na aliambiwa wimbo utatoka. Haukutoka. Aliamini kwa miaka yote hiyo kwamba waliuona mbaya. Nilimwambia sahani imechezwa mpaka mfereji umelika, na sahani hailiki hivyo kama watu hawakuiomba tena na tena. Alikaa kimya, kisha akaniuliza swali la kiufundi, kama ile sauti ya pili ya kiitikio inasikika, kwa sababu aliimba mwenyewe mara mbili na fundi alisema haitashika. Imeshika. Inasikika vizuri.

Anataka nakala kwa wajukuu. Anataka aandikwe kwa jina la usichana, kwa kuwa ndilo lililoimba. Na amekataa wimbo uwekwe hadharani mpaka wapigaji nao wajulikane na wao au familia zao waulizwe, msimamo ambao natamani kampuni zote zinazotoa upya muziki wa zamani zingekuwa nao. Besi anaikumbuka: kijana wa Kibarbados, na dada yake bado yuko Lewisham. Mpiga ngoma hajui. Mama anasema alikuwa mwembamba, anavaa kofia ya sufu hata kiangazi, na kaka yake alikuwa na duka la viatu karibu na soko la Deptford. Jumapili atamuuliza mwenzake wa kwaya aliyekuwa akinunua pale, nami nimemwahidi kumpigia jioni.